Darubini Iliyoondolewa Ukungu

Mwanangu mpenzi,

Fundi alinicheka: "Mzee, darubini hii itupe, nunua mpya." Nikamwambia kazi yake ni kuuza uvivu. Nimekata pete mbili za kadibodi nyeusi, nikafunika kingo za lenzi za mbele, mwanga upite katikati tu. Picha ina giza kidogo, lakini ukungu umekwisha!

Sasa namwona mama yako dirishani, wodini ng'ambo ya barabara, wasikoruhusu wageni. Jana alinipigia simu: "Acha kunichungulia kama jasusi, kachane nywele!" Nilikuwa bado nacheka nilipomwona muuguzi akimnywesha chai. Mikono ya mama yako haikuinuka; hata simu alikuwa ameshikiwa.

Kwenye simu hutuambia hajambo. Usimwamini. Leo sibishani, mwanangu, nakuomba: njoo.

Baba yako