Baba na Namba Tasa

4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Hujambo? Mimi naendelea, ila hili tumbo bado halijaniacha. Uliniandikia kuwa daktari wa huko aliyenipima nilipokuja kwako amesema ni vidonda tu. Nimeisoma barua hiyo mara tatu. Ina utamu mwingi mno, na wewe tangu utoto huna maneno matamu.

Tuache hayo. Tangu nistaafu kufundisha hesabu natafuta namba tasa kubwa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nina hii: 1,000,036,000,099. Nimeigawanya kwa kila namba tasa hadi laki tisa, hakuna inayoingia. Nikifika kipeuo chake cha pili, milioni moja na kidogo, bila kupata kigawanyo, basi ni tasa. Macho yamechoka. Ijaribu kwenye kompyuta za hapo chuoni kwenu.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Nimefurahi kupata barua yako. Hongera! Kompyuta imehangaika nusu saa nzima, haikupata kigawanyo. Ni tasa kabisa. Nimejivuna mbele ya wenzangu ofisini.

Na hayo mawazo ya daktari yatoe kichwani. Ni vidonda. Kunywa dawa, kula vizuri.

Binti yako

27 Machi

Binti yangu,

Salamu. Natumaini u mzima.

Namba ile niliitengeneza mwenyewe mezani, kabla ya chai. Ni 1,000,003 mara 1,000,033. Zidisha uone. Kompyuta ingekwambia kabla hujapepesa jicho, wewe unaniambia nusu saa! Hukuijaribu. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ndiyo, nimekutega, na sioni haya. Miaka thelathini na minne nimesahihisha madaftari. Mwanafunzi akidanganya swali la kwanza, la pili nalirudia mwenyewe. La pili ni tumbo langu. Daktari alisema nini?

Baba yako

30 Aprili

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Barua hii nimeichana mara nne.

Namba sikuijaribu. Nilikuona umefurahi, nikashindwa kukunyima. Na yale ya vidonda niliyatunga mimi. Ni saratani, Baba, na imeshafika kwenye ini. Daktari alisema mwezi wa pili kwamba mwaka huu huenda usiumalize. Niliogopa ukijua utaacha kula, utalala tu ukingoja. Naogopa hata sasa.

Nimeomba likizo. Nitakuja mwisho wa Juni na cheti cha daktari, ukisome mwenyewe.

Binti yako

8 Mei

Binti yangu,

Nimepata barua. Nililia, sikufichi, halafu nikala, chakula chote. Kwa hiyo hapo ulikosea.

Siku ulizonificha zilikuwa zangu, na hilo limeniuma kuliko ugonjwa. Lakini sina nafasi ya kununa. Kuna shamba la kugawa, kuna mdogo wako ambaye hatujasemezana naye tangu harusi yake, na nimeshamwandikia leo asubuhi.

Juni ni mbali. Njoo wiki hii.

Baba yako