Koti ya Clément

Élisabethville, tarehe 9 Januari 1950

Mama,
Jambo sana. Mugongo inakuacha kulala? Miye niko muzima. Lakini mudogo wangu Clément alikatwa muguu na chuma kule mugodi, ugonjwa ukaingia mu damu. Tangu juzi eko mu hospitali kwenye natumika kazi. Tunamutoboa sindano ya pénicilline kila masaa tatu. Miye ndiye naandikaka bagonjwa ba damu mu kitabu: mwaka jana balikuwa kumi na moja, saba balikufa, bote mbele ya siku kumi na ine. Mwenye kuzipita anarudiaka kwake. Tuhesabu, Mama.

Hapa nguo zinaibiwa. Koti yake nimemupa Kabwe, dereva wa kamyo, akuletee.
Mutoto wako, Adalbert

Kilwa, tarehe 13 Januari

Adalbert,
Jambo. Katekista Mukuka ndiye ananiandikia. Weye iko na akili kweli? Kabwe alinipa koti, barua akaisahau mu kamyo siku mbili! Kwetu nguo ya muntu inarudi bila yeye kama amekufa. Nililia mpaka sauti ikaisha, nikanyolewa kichwa. Kumbe anapumua! Koti ninairudisha, ikae na mwenyewe. Ningekuja, lakini Bwana wa Territoire, Muzungu wa serikali, amekatala kunipa karatasi ya safari.
Mama yako

Élisabethville, tarehe 17 Januari

Mama,
Jambo. Nywele zinaota? Clément alicheka mpaka nikamukataza, anasema atakununulia kitambaa. Leo siku ya kumi na moja. Homa inashuka asubuhi, magaribi inapanda. Jana alikula bukari, matonge tatu. Koti nimeitundika kwenye kitanda, anaiangalia. Niliomba ruhusa nikufuate. Munganga amesema nikitoka kazi imekwisha. Tumefungwa batatu, kila mumoja kwake. Siku tatu tu, Mama.
Adalbert

Kilwa, tarehe 21 Januari

Adalbert wangu,
Jambo, na jambo tena! Leo ya kumi na tano, Mukuka naye amehesabu. Amepita! Bantu ba kilio nimebafukuza, nimecheza na hii kichwa yangu ya yai, batoto banacheka. Samaki ya kukausha umupe yeye kwanza, usimumalizie! Avae koti, mupige picha, nione.
Mama yenu

Élisabethville, tarehe 27 Januari

Mama,
Jambo. Samaki imefika. Picha hakuna.

Ni miye nilikwambia siku kumi na ine. Ya kumi na tatu niliandika jina yake mu kitabu na mukono wangu mwenyewe, ya nane. Ruhusa bamenikatalia tena.

Kabwe anaondoka kesho. Nimemuapisha akupe barua kwanza. Ita Mukuka na majirani, mukae pamoja. Halafu pokea koti.

Safari hii usiirudishe, Mama.
Mutoto wako, Adalbert