Hundi ya Mama Ukutani kwa Bwana Skaar

Vesterby, Dakota ya Kaskazini
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Britta,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya Krismasi kimekwisha. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ingawa amekonda kidogo. Paka hajambo pia, ila siku hizi amehamia jikoni kama sisi wengine. Theluji imefika kwenye vioo vya ghala, na Jumatano shule ilifungwa kwa sababu basi halikuweza kupanda kilima cha akina Ostby.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Ukipiga simu nyumbani utasikia mwanamke wa mashine akisema namba hii haitumiki tena. Usishtuke, hakuna aliyekufa, simu imekatwa tu. Ningeweza kukuandikia kwenye kompyuta ya shule, lakini Bwana Hofstad wa maktaba hukaa nyuma yangu, na ninayotaka kukueleza si ya kusomwa na mtu mwingine. Tafadhali yasome yote kabla ya kuamua lolote.

Uliona mwenyewe wakati wa Krismasi zile nafasi zilizobaki wazi ukutani ghalani, pale marehemu Baba alipokuwa akitundika viti vyake vya chuma vilivyong'olewa kwenye mashine za kizamani za shambani. Unajua pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikivipiga picha na kuviweka kwenye mnada wa mtandaoni, na Mama ndiye aliyekuwa akivifunga kwenye maboksi. Wanunuzi wengi ni wazee wa mashambani, na wazee hao hulipa kwa hundi zao wenyewe kwa njia ya posta, kama walivyozoea kumlipa kila mtu. Bwana Hofstad aliniambia kwamba wauzaji waangalifu huandika kwenye tangazo kuwa mzigo hautatumwa mpaka hundi ipite benki. Niliandika hivyo. Mama alipoisoma ile sentensi alinitaka niifute siku hiyohiyo. Alisema, "Yaani nimwambie mtu usoni kwamba namdhania mwizi? Baba yako aliuza ng'ombe kwa hundi miaka yote na hakumngoja mtu hata siku moja." Nikaifuta.

Na kusema kweli, Dada, mambo yalikwenda vizuri kwa muda mrefu. Hundi ilifika asubuhi, kiti kikaenda posta mchana. Mzee mmoja wa Iowa alituma na picha yake akiwa amekalia kiti cha Baba sebuleni, amevaa suruali ya ndani ndefu ya majira ya baridi. Mama alicheka mpaka akaketi chini.

Baada ya wewe kuondoka, Mama aliamua kuuza kile kiti chenye nakshi ya maua. Ndiyo, kilekile ambacho Baba hakuturuhusu hata kukigusa, alichokikuta chini ya banda la kuku la watu na kukibadilisha kwa siku nzima ya kuchomelea vyuma. Ada yako ya muhula ilikuwa imekaribia. Watu walipandiana bei kwa siku kadhaa, na mwishowe kikachukuliwa na mtu wa Missouri aliyejiita Glenna Pruett. Bei aliyotoa sisi hatukuwahi kuiota.

Hundi yake ilikuwa na picha ya ndege mdogo wa buluu ameketi juu ya uzio, na jina lake limechapwa vizuri pembeni pamoja na anwani. Mama aliishika kwenye mwanga akasema mtu anayechagua ndege wa aina hiyo kwa hundi zake hawezi kuwa mtu mbaya. Alikifunga kile kiti kwa blanketi la zamani la Baba, akafunga na mlango wa ghala, na akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika kufunga boksi. Mchana tulikipeleka posta, na hundi tukaiweka benki.

Kesho yake alikwenda benki kuuliza. Bi. Lunde wa dirishani alimwonyesha karatasi na kumwambia, "Pesa ipo, Arlys." Nataka uelewe jambo hili, kwa sababu mimi mwenyewe nililielewa baadaye sana, na Mama amelielewa kwa uchungu. Pesa haikuwepo. Benki ilikuwa imeandika tu kiasi kile kwenye akaunti yetu ili tuweze kukitumia, huku ile hundi bado iko njiani kuelekea benki ya Missouri kuulizia kama huko kuna kitu. Bi. Lunde hakusema uongo, ndivyo wanavyosema kila siku. Lakini Mama alisikia "ipo", na jioni ile akaketi mezani na kitabu chake cha hundi. Aliandika ya chuo chako kwanza, halafu ya gesi ya kupashia nyumba joto, halafu ya duka la Bwana Skaar. Alikuwa akiimba kwa kuguna. Tangu Baba afariki sikuwa nimemsikia akiimba nje ya kanisa.

Hundi ya ndege ilirudi ikiwa imegongwa muhuri mwekundu: akaunti imefungwa. Ndipo na za kwetu zikaanza kurudi moja baada ya nyingine. Kila iliyorudi, benki ilitukata faini, na aliyeandikiwa naye akatudai yake. Mwenye gesi alikuja, akatazama kipimo kwenye tangi letu, akasema pole sana, akageuza lori bila kushusha bomba. Kwa hiyo tumefunga vyumba vya juu na tunalala jikoni, ambako kuna jiko la kuni la bibi. Kuna joto la kutosha, ukikaa upande unaotazamana nalo.

Kuhusu duka, sijui nikueleze vipi. Unaukumbuka ukuta ule nyuma ya kaunta, juu ya peremende, ambako Bwana Skaar hubandika hundi zilizorudi ili kila mtu azione. Tulipokuwa wadogo wewe uliniinua nisome majina, tukacheka kwa sababu Lester Braaten alikuwa na tatu. Sasa ya Mama iko hapo, karibu na za Lester. Mwandiko wake mzuri unaonekana toka mlangoni.

Mama alikwenda kuongea naye kwa heshima. Bwana Skaar aliangalia chini akamwambia, "Arlys, wewe nakuheshimu kama dada yangu. Lakini nikikutoa wewe, kesho Lester atanijia na biblia mkononi, akidai nizitoe na zake." Aliponiona nimesimama karibu na mlango alinitilia machungwa mfukoni, akaninong'oneza nisimwambie mkewe. Hundi hakuitoa. Shuleni nako Travis Ostby aliimba kwenye foleni ya chakula, "Maren Tveit, Maren Tveit, mama yake anauzwa na peremende!" Nilimjibu kwamba akae kimya, kwa kuwa baba yake bado hajaturudishia jembe la theluji. Watu walicheka, lakini sikushiba siku ile.

Wiki iliyopita alikuja Curtis Moen, yule aliyekuwa akicheza kikapu na binamu yetu, ambaye sasa ni askari wa kaunti. Mama alimkaribisha kahawa. Akakataa, kama mtu yeyote mwenye adabu. Mama akamkaribisha tena, akakataa. Mara ya tatu, ambapo kila mtu husema basi kidogo tu, Curtis alikataa pia. Hapo nikajua hakuja kwa wema.

Alieleza kwamba polisi wa Missouri wamempata Glenna Pruett. Ni bibi kizee aliye katika nyumba ya wazee, na hajui hata leo ni siku gani. Akaunti yake ilifungwa zamani. Aliyeandika hundi zile ni mjukuu wake, msichana aliyekuwa akimtunza, na ameziandika kwa watu wengi si sisi tu. Kiti cha Baba ameshakiuza kwa mtu mwingine, hakijulikani kilipo. Mama aliuliza kama msichana huyo ana watu. Curtis akasema ana mtoto mchanga. Mama akauliza umri wa mtoto. Curtis akajibu, "Hajaanza kutembea." Kisha akaweka karatasi mezani na kusema kila muuzaji akitia sahihi malalamiko yake, msichana atashtakiwa, na huenda mahakama ikamwamuru alipe kidogo kidogo.

Mama alinitazama nilivyovaa koti ndani ya nyumba, akatazama magodoro yetu karibu na jiko, halafu akachukua kalamu. Alitia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Curtis aliikunja na kuitia mfukoni, lakini hakuinuka. Alitoa karatasi nyingine kutoka mfuko wa pili. Alisema, bila kumtazama Mama, "Na hii sasa ni yako, Arlys." Ulikuwa ni wito wa mahakama. Bwana Skaar amepeleka ile hundi kwa mwendesha mashtaka, kumbe ile aliyoibandika ukutani ni nakala tu. Mama anashtakiwa kwa kuandika hundi bila pesa benki, kosa lilelile alilomtilia sahihi yule msichana dakika moja nyuma.

Mama aliisoma mara mbili. Kisha akanyoosha mkono akasema, "Curtis, nirudishie ile ya kwanza."

Curtis akasema haiwezekani, ikishatiwa sahihi si yake tena. Mama akasema, "Nimeitia sasa hivi mbele yako, wino haujakauka!" Curtis akasema anajua. Mama akamuuliza kwa nini basi hakumpa hii ya pili kwanza. Curtis alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisema, "Nilijua usingetia sahihi, Arlys. Na kazi yangu ilikuwa nirudi nayo." Alivaa kofia yake akaondoka. Usiku kucha nilimsikia Mama akigeuka, na mara moja alisema peke yake, "Hajaanza kutembea."

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Mama amenikataza nisikuambie.

Dada, ile hundi ya ada yako nayo ilirudi. Chuo kiliandika hapa nyumbani kwamba usipolipiwa kabla ya mwisho wa mwezi, jina lako litaondolewa. Mama aliposema kwenye simu kwamba kila kitu kimelipwa, hakikuwa kimelipwa. Siku mbili baada ya Curtis kuja, alifika mfanyabiashara wa Minnesota na lori, akavinunua viti vyote vilivyobaki kwa pesa taslimu, kwa bei iliyokaribia ya chuma chakavu. Ukuta wa Baba ni mtupu sasa, imebaki misumari tu. Pesa hiyo ingetosha kumlipa Bwana Skaar na faini zake, na kujaza tangi. Curtis alikuwa amesema wazi kwamba Bwana Skaar akilipwa kabla ya siku ya mahakama, kesi inaweza kufutwa.

Nilikuwa ndani ya gari na Mama. Nilidhani tunakwenda dukani. Tulipita duka bila kupunguza mwendo, tukasimama posta, akanunua kwa pesa ile yote hundi ya posta, ile isiyoweza kurudi, kwa jina la chuo chako. Ukiona ofisi ya ada haijakuita, sababu ni hiyo. Alipofunga mlango wa gari alisema, "Britta akijua atafunga sanduku lake kesho asubuhi. Na akija, nitakuwa nimeuza viti vya baba yenu bure." Akaniapisha nisiseme. Niliinamisha kichwa tu, sikutamka neno, na ndiyo maana najiona sijavunja kiapo.

Mama atasimama mbele ya hakimu Jumatatu ya kwanza ya Machi, asubuhi, katika mahakama ya kaunti. Hana wakili. Anasema atakiri kwa kuwa ni kweli: aliandika pesa ambayo hakuwa nayo. Inaweza kuwa faini tusiyoweza kuilipa, au siku kadhaa jela ya kaunti. Akina mama wa kanisa wameanza kutuletea viazi vya kuoka na nyama, na mchungaji amesema nitakaa kwake ikibidi. Bi. Lunde ameahidi kuja kumweleza hakimu alivyomwambia Mama dirishani, ingawa mkuu wake wa benki hapendi. Hilo linanipa tumaini. Naamini hakimu akimsikia Bi. Lunde atajua Mama hakukusudia.

Sikuandiki ili uache masomo. Ukiacha, nami sitakusamehe, na unajua mimi huwa simaanishi mambo mengi lakini hili namaanisha. Nimekuandikia kwa sababu Mama anakwenda pale akiamini hakuna anayejua alichokufanyia ila mimi, na mimi ni mdogo, sitoshi. Basi la kutoka huko Fargo hufika mapema asubuhi ile. Njoo siku hiyo moja, uketi nami kwenye benchi, kisha upande la jioni urudi darasani.

Msalimie mwenzako wa chumbani, na umwambie ahsante kwa soksi alizonipa, nazivaa mchana na usiku. Mungu akulinde njiani na vitabuni. Usijibu barua hii, kwa maana Mama ndiye anayechukua barua zetu posta. Jumatatu ile nitakaa nikitazama mlango.

Mdogo wako akupendaye,
Maren