Telesphor wa Mpunga

Mwaka umezunguka, mwanetu Telesphor Lyamba, tangu tukulaze Majimoto, kando ya shamba la baba yako. Mama yako Marsela bado amechanganyikiwa, na si kwa majonzi tu.

Ulikuwa mtu wa kusahihisha. Pale Mpanda, kwenye hifadhi ya tafiti ambayo yeyote mwenye simu anaifungua na kusoma bure, ulihakikisha kila andiko linabaki na mwandishi wake wa kweli. Ukikuta kosa hukulifuta. Uliliacha lionekane, ukaweka sahihisho pembeni. "Anayefuta kosa analificha," ulituambia, kiazi cha moto mkononi, maana hukuwahi kusubiri sahani.

Tulikuelewa. Hatujawasahau wale watafiti waliokuja zamani, wakabeba maneno ya wakulima wetu na kuyachapa kwa majina yao. Wewe, kwenye utafiti wako wa mbegu za mpunga, uliwataja wazee wote waliokufundisha.

Tulipomaliza msiba, mdogo wako Denis alirithi jina lako, kama ilivyo desturi. Mwaka huu akatoa utafiti wake wa asali ya Inyonga, akaweka jina hilo kwa kukuheshimu. Mashine ya hifadhi ikaona jina moja, ikaunganisha kurasa zenu mbili. Basi marehemu akawa ameandika juu ya nyuki, na Denis, anayeujua mpunga ukiwa ubwabwa, akawa bingwa wa mbegu.

Gratien, uliyesoma naye, ambaye habari za msiba hazikumfikia, akampigia mama yako. "Hongera mama. Telesphor katoa andiko jipya. Picha yake hii hapa, anacheka."

"Anacheka?" mama yako akauliza, akakaa chini.

Kesho yake alikwenda parokiani kuiondoa misa yako ya kumbukumbu. "Padri akisema marehemu Telesphor Lyamba, anamwombea yupi? Nisije nikamzika na huyu aliyebaki."

Sisi baba zako wadogo tulikwenda Mpanda na hasira zetu, Denis akatufuata. Kijana wa hifadhi akasema, "Jina moja, mtu mmoja, wazee wangu." Tukamjibu, "Nyie mashine mnaijua, msiba hamuujui. Futeni vyote."

Denis akatushika mkono. "Baba, kaka angefuta?"

Tukamgeukia kijana. "Basi usifute. Sahihisha."

Sasa sahihisho lipo pembeni: mpunga ni wa kaka, aliyefariki, asali ni ya mdogo, aliyerithi jina lake. Kosa nalo limeachwa, lionekane. Mama yako alisomewa, akaomba arudiwe. Kisha akajifunga kitenge, akarudi parokiani, kwa katekista anayeandikisha misa.

"Andika Telesphor wa mpunga," akasema. "Mungu naye asichanganyikiwe kama mimi."

Misa ni Jumapili hii, Majimoto.

Unakumbukwa na mama yako Marsela, baba zako wadogo Martin na Benedikto, dada zako Angela na Jeniffer, na mdogo wako, Telesphor wa asali.

Wewe wa mpunga, daima tutakukumbuka wewe, si mwingine.