Barua Haijafika

Ibighi, Tukuyu
14 Julai 2024

Baba mkwe wangu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na baridi hii, na kwamba mama anakukumbusha dawa. Mimi ni mzima, ila asubuhi vidole vinauma nikishika chaki.

Nilipoingia uani kwenu leo nilisikia mlango wa nyuma ukifungwa, na mabuti yako ya mvua hayakuwepo kizingitini. Miaka tisa tangu niolewe na Nsajigwa, na uso wako naujua kwa picha ya ukutani tu. Silalamiki. Mama amenieleza mara nyingi kwamba kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani, na hiyo ndiyo heshima. Nashukuru tu kwamba wewe na mama mlikubaliana kwamba karatasi haina uso, maana simu aliikataa kabisa.

Nina shida ya kazi. Mkuu wa shule amepokea maboksi mawili ya vitabu vya msaada: nakala arobaini na tano za utenzi wa Wagiriki wa kale, kwa Kiingereza. Wafadhili watakuja Novemba, na anataka Kidato cha Tano wawe wameumaliza. Ni habari ya mfalme aliyekwenda vitani akakawia miaka ishirini kurudi, na mke aliyemsubiri.

Alhamisi niliwasomea kurasa mbili, nikauliza kama kuna swali. Msichana mmoja wa Suma, anaitwa Tumpe, akanyoosha mkono.

"Madamu, hii inatoka kwenye mtihani wa NECTA?"

Nikasema haitoki. Wakafunga vitabu, wote arobaini na watatu, kwa mlio mmoja.

Jambo jingine, yupo kijana darasani mwenye jina lako. Kwa heshima hiyohiyo mimi siwezi kulitamka, kwa hiyo kwenye mahudhurio namwita Namba Kumi na Tisa. Wenyeji wanaelewa. Waliotoka mikoa mingine wanadhani nimemchukia.

Mwalimu Rodrick wa Muleba ameniandikia tena. Mke wake ni nesi hapa Tukuyu, anataka tubadilishane vituo: yeye aje huku, mimi nirudi kwetu Kagera. Ndugu zangu wanasema nafasi kama hii sitaipata tena, na kwamba mume asiyepiga simu miaka mitatu na nusu si wa kusubiriwa. Nimemwambia Rodrick nitampa jibu nikimaliza utenzi huu. Sitaki Nsajigwa arudi akute nyumba imefungwa. Kuna habari zake zozote huko?

Nakutumia nakala moja. Mama ataibeba chini ya ndizi.

Mkamwana wako,
Marietha


Kawetele
21 Julai 2024

Mkamwana wangu,

Marahaba, na ndaga kwa kitabu. Nakohoa mara nne usiku. Mwezi uliopita ilikuwa saba. Mama yako mzima, amechuma chai Jumatano na Alhamisi, na anasema uvae soksi mbili.

Nimekisoma chote kwa siku tano. Nilikuwa mwandishi wa gazeti miaka thelathini na mmoja, na sijui kusoma kwa namna nyingine, kwa hiyo nimekisoma kama taarifa iliyoletwa mezani. Sehemu ya safari ina chanzo kimoja, na chanzo hicho ni mhusika mwenyewe. Wenzake wote wamekufa, hakuna wa kuulizwa. Nisingeichapa. Sehemu ya nyumbani ni nzuri zaidi, ina mashahidi.

Usianze na bahari. Anza na nyumba: wanaume zaidi ya mia wamekaa uani kwa mtu, wanachinja ng'ombe wake, wanangoja mke akubali kwamba ni mjane. Kila mtoto wa Rungwe ameona msiba ambao watu wamekula na hawaondoki. Wataelewa.

Ukiwasomea, wakatishe mahali ambapo wewe mwenyewe ungetaka kuendelea. Ndivyo tulivyouza gazeti.

Uliuliza kuhusu Nsajigwa. Barua haijafika hapa.

Baba mkwe wako


Ibighi
11 Agosti 2024

Baba mkwe wangu,

Shikamoo. Mara nne ni afadhali, lakini nenda hospitali wakupime. Mimi nimekula Nane Nane ndani, mvua haikutupa nafasi ya kwenda popote.

Ulisema nianze na nyumba. Nimeanza, na sasa siwezi kuwanyamazisha. Tulifika pale mke anapowaambia wale wanaume: ngojeni kwanza nimalize kufuma sanda ya baba mkwe wangu, kisha nitachagua mmoja wenu. Mchana anafuma, usiku anafumua. Miaka mitatu. Nilitegemea wacheke ujanja wake. Tumpe akasimama amekasirika.

"Sanda ya baba mkwe? Na mzee yu hai?"

"Yu hai. Anaishi shambani."

"Madamu, mkamwana hata shuka lake hagusi. Huyu mama kwao wapi?"

Lightness, ambaye baba yake ni afisa ardhi aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, akamwambia, "Si Mnyakyusa, jamani. Ni Mgiriki."

"Mgiriki hana mkwe?"

"Anaye, ila wanasalimiana."

"Basi ndiyo maana wanavamiwa."

Namba Kumi na Tisa akasema kutoka nyuma, taratibu, kama anayesoma mita ya maji: "Ndiyo maana sanda haiishi. Yenyewe inakataa."

Kengele ikalia. Mkuu wa shule alikuwa amesimama dirishani. Akaniuliza kwa nini kelele ni nyingi na ubaoni hakuna nukuu. Nikamwambia walikuwa wanajadili. Akasema wafadhili hawapigi picha mjadala.

Nimechoka na watu wanaotaka kila kitu kiandikwe ubaoni. Ila tumekwenda mbio. Tumeruka bahari yote, tupo sura ya kumi na tisa kati ya ishirini na nne. Nimemwambia Rodrick mwisho wa Agosti atakuwa na jibu.

Kuna lolote kutoka kwa Nsajigwa? Hata salamu kupitia kwa mtu?

Mkamwana wako,
Marietha


Kawetele
18 Agosti 2024

Mkamwana wangu,

Marahaba. Nimepimwa, mapafu hayana kitu, ni uzee na moshi wa jikoni. Mama yako amekataa kuhamisha jiko.

Tumpe ana haki ya kukasirika. Babu yake namfahamu, aliwahi kukaa mtaroni nusu saa, mvua inanyesha, mke wa mwanawe apite kwanza. Usiwaambie kwamba mila hiyo imepitwa na wakati, wala usiwaambie kwamba ni nzuri. Waulize ina kazi gani. Mimi nimeishika miaka yote na jibu kamili sina. Najua tu kwamba mtu usiyemtazama usoni unaweza kumwandikia mengi, na unaweza kumnyima mengi.

Barua haijafika.

Baba mkwe wako


Ibighi
8 Septemba 2024

Baba mkwe wangu,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Nina mafua, si makubwa.

Mambo hayaendi. Nimewarudisha sura ya kumi na tano, maana niliona hawakuielewa vizuri. Wiki ya kwanza walivumilia. Jumanne Lightness akasema, "Madamu, hii tulishasoma." Nikasema tunaimarisha. Alhamisi nikawaambia wafungue tena ya kumi na tano, na Namba Kumi na Tisa akasema, si kwa sauti kubwa lakini wote walisikia:

"Madamu naye anafumua."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningejua la kufanya. Nilimtoa nje, nikampa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya bweni siku mbili. Mama yake amekuja shuleni kuuliza kosa la mwanawe. Nilikaa naye kwenye benchi la nje ya ofisi robo saa na nikashindwa kulitaja.

Mkuu wa shule anataka nukuu na wanafunzi wanataka mtihani. Rodrick ameandika kwamba kuna mwalimu wa Kyela aliye tayari kubadilishana naye, ila yeye angependa Tukuyu kwa sababu ya mkewe, kwa hiyo ananipa mpaka tarehe 30. Dada yangu ananiuliza ninasubiri nini. Namwambia kitabu hakijaisha.

Nakuuliza tena, na naomba unijibu kama baba: kuna habari?

Mkamwana wako,
Marietha


Kawetele
15 Septemba 2024

Mkamwana wangu,

Marahaba. Afya yangu tuiache leo.

Barua yako ya tarehe 11 Agosti inasema mpo sura ya kumi na tisa. Ya tarehe 8 Septemba inasema kumi na tano. Wanafunzi waliobishania sanda vile hawakushindwa kuelewa sura nne. Kijana alisema kweli, na umemfyekesha nyasi kwa kusema kweli. Mwombe radhi.

Sasa la kwangu. Naliandika kwa njia ninayoijua.

Nsajigwa, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anaishi Kitwe, Zambia, ambako ni fundi wa magari. Anaishi na mwanamke na wana watoto wawili. Taarifa hii ililetwa hapa tarehe 3 Novemba 2022 na Lazaro, dereva wa lori wa Suma, aliyekula nyumbani kwao. Tarehe 6 nilimpigia Nsajigwa simu kwa namba niliyopewa na Lazaro. Alithibitisha yote. Mtoto mkubwa wakati huo alikuwa na miaka mitatu. Alisema: "Mwambie Marietha asinisubiri, baba. Au usimwambie. Utakavyoona wewe."

Niliona nisikwambie. Sababu ni kwamba ungeondoka, na Jumapili asingekuwepo mtu wa kuja. Sababu nyingine nilizitunga baadaye, nazo hazifai kuchapwa.

Mama yako hajui. Anabeba barua hii kwenye kapu akidhani ni mambo ya kitabu.

Baba mkwe wako


Kawetele
22 Septemba 2024

Mkamwana wangu,

Mama yako alirudi na kapu bila karatasi. Alisema ulimpokea vizuri, ukamnunulia sukari, na kwamba umekonda.

Leo ni Jumapili na hukuja. Nilikaa barazani toka saa nne mpaka saa nane. Mama yako aliniuliza kwa nini siendi migombani. Nikasema nyasi zimelowa.

Baba mkwe wako


Ibighi
29 Septemba 2024

Mzee Ambindwile,

Shikamoo. Mafua yamepona.

Nimesoma upya barua zako zote, hata za miaka iliyopita, ziko kwenye kopo la biskuti. Nilikuwa natafuta uongo. Haupo. "Barua haijafika." Ni kweli, haikufika, kwa sababu aliyefika ni Lazaro, na kilichofuata ni simu. Umeiandika sentensi hiyo mara kumi na nne tangu Novemba 2022. Nimehesabu. Mwandishi mzuri.

Nsajigwa alinipigia mara ya mwisho Krismasi ya 2020. Aliniuliza kama bati la jikoni bado linavuja. Mtoto wake alikuwa na mwaka mmoja.

Alhamisi nilikimaliza kitabu, sura zote zilizobaki kwa vipindi viwili, sikuandika nukuu hata moja. Unakumbuka mwisho: mfalme amesharudi, maadui wamekufa, anakwenda shambani kwa baba yake. Mzee anapalilia, amevaa matambara, ameshakata tamaa. Mwana hamwambii kuwa ni yeye. Anamtungia hadithi kwanza, anajifanya mtu mwingine, mpaka mzee anajimwagia vumbi kichwani kwa uchungu. Ndipo anasema.

Lightness akauliza, "Si angesema tu?"

"Alikuwa anampima," Tumpe akasema.

"Anapima nini? Mzee analia."

"Labda alizoea. Mtu akizoea kuficha, hata lisilo na sababu anaficha."

Wakanigeukia mimi niseme yupi amepata. Nikawaambia sijui. Ndilo jibu la kwanza la kweli nililowapa tangu Julai.

Ijumaa niliita mahudhurio. Nilipofika namba kumi na tisa niliita, "Ambindwile."

Tumpe akainamisha kichwa kama mtu aliyeona jambo la msibani. Kijana hakuitika, nadhani hakuamini ni yeye. Nikarudia. Akasimama, ingawa huwa hawasimami, akasema, "Nipo, Madamu." Nilimwomba radhi kwa zile nyasi mbele ya wote. Akasema zilikuwa fupi.

Rodrick nimemjibu ndiyo. Fomu nimezisaini jana. Nitahama mwisho wa Oktoba. Wafadhili watapigwa picha na yeyote atakayekuwepo.

Jumapili ijayo, tarehe 6, saa nne asubuhi, nitakuja Kawetele. Mama umwambie wewe, na umwambie kabla sijafika. Halafu usitoke kwa mlango wa nyuma. Nyasi zikiwa zimelowa au kavu, kaa kwenye kiti chako. Mimi si mkamwana wako tena, kwa hiyo hakuna mwiko unaotuzuia. Nataka haya uliyoyaandika tarehe 15 uyaseme kwa mdomo, yote, na tarehe zake, mimi nikiwa nimekutazama.

Marietha