Risasi Inayotoweka Kila Ijumaa

Alhamisi. Kiangazi kimekaza, vumbi la Kasenga limeingia mpaka kwenye meno, na mimi nimejifungia chumbani tangu saa kumi jioni ingawa hakuna anayenitafuta.

Niseme ukweli mapema: leo nimegundua kwamba mimi ni mjinga mwenye diploma.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza, nafanya kazi kwenye karakana inayovunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi yake ili kutengeneza vizito vya nyavu za ndagala, wale dagaa wa ziwani. Maji ya kuoshea betri hizo hutoka na asidi na risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Tunayaweka kwenye mapipa, tunatia chokaa, risasi inashuka chini na kuwa tope, kisha maji ya juu yanamwagwa mtaroni. Mtaro unapita kando ya bustani za akina mama wanaolima lengalenga, yaani mchicha. Mmoja wao ni shangazi Nabintu, dada wa baba, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili.

Mimi nilikuja na ubashiri. Nimejenga modeli kwenye kompyuta. Unaiambia maji yana asidi kiasi gani, chokaa imeingia kiasi gani, yametulia kwa saa ngapi, nayo inakuambia risasi itakayobaki. Ili ijifunze ilihitaji majibu ya maabara, na maabara iko ng'ambo ya mpaka, Bujumbura. Basi kila Jumanne chupa moja ilienda na shofere wa lori, na kila Ijumaa nyingine ilienda na Sista Konsolata, ambaye huvuka mpaka kufuata dawa za zahanati.

Kwenye jedwali nikaongeza safu ya siku za juma. Sikuwa na sababu, niliona tu upande ule uko wazi.

Modeli ikasaga zile namba, ikaleta jibu: chokaa inasaidia kidogo, kutulia kunasaidia kidogo, lakini kinachoondoa risasi hasa ni Ijumaa.

Mtu mwenye akili angecheka na kwenda kuuliza. Mimi nilikaa nikaandika kurasa nne. Niliandika kuhusu upepo wa ziwa, kuhusu joto la mapipa mwishoni mwa juma, kuhusu mwendo wa chembe ndogo ambao, kusema kweli, siuelewi vizuri mpaka sasa. Nilijiona nimefika mbali. Kuna jioni nilijaribu hata namna nitakavyowajibu waandishi wa habari, mbele ya kioo, kwa Kifaransa.

Wiki tatu zilizopita nilimwita patron, mwenye karakana, pamoja na akina mama wa bustani, nikawaonyesha grafu ukutani. Nikatangaza kwamba maji ya Ijumaa ni salama, na kwamba siku hiyo hata chokaa tunaweza kupunguza nusu. Patron alifurahi, na Ijumaa iliyofuata chokaa ikapunguzwa. Papa Byamungu, mzee wa mapipa ambaye ndiye hujaza zile chupa, alipiga makofi kuliko wote. Nilidhani ameguswa na sayansi. Tukakubaliana kwamba kesho, Ijumaa, akina mama wote watafungua mtaro uingie bustanini na kumwagilia.

Juma hili Sista aliwahisha safari yake kwa siku moja, kwa hiyo chupa yake ilitakiwa leo. Nikafika karakanani asubuhi, saa ambayo kwa kawaida bado nabishana na mto wa kulalia, nikamkuta Papa Byamungu ameinama juu ya ndoo. Mkononi ana kitambaa cha kichwa cha mkewe. Anachuja maji.

"Papa, unafanya nini?"

"Natengeneza maji ya ma sœur," akajibu bila haya hata kidogo, akimaanisha Sista.

Nikauliza anayatengeneza vipi. Akanieleza kwa uvumilivu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Nachuja mara tatu. Halafu naongeza kidogo maji ya robine, ya bomba, ili ing'ae. Ma sœur iko muntu wa Mungu, na ile maji iko inavuka mupaka na jina yetu. Minye nimupatie chupa ya matope, bazungumuze juu yetu kule Bujumbura?"

"Na ile ya Jumanne?"

"Ya shofere? Shofere iko muntu wetu, haiko mugeni. Yeye namupatia vile iko."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Papa Byamungu akanisogezea ganda la betri, akaongeza, kunifariji nadhani: "Na niliona weye unafurahia sana ya Ijumaa. Basi nikatia nguvu."

Sikuweza kumkasirikia. Nilishawahi kumweleza modeli yangu kwa saa mbili nzima, na nusu ya maneno hakuyajua. Lakini sikumwambia hata siku moja kwamba ile chupa lazima ibaki chafu. Nilimwona mtu wa kujaza chupa tu. Kumbe kwa miezi yote hiyo modeli yangu ilikuwa inapima heshima yake kwa Sista, na ilikuwa inapima vizuri sana.

Kicheko kikanitoka. Kisha kikaisha, kwa sababu nilikumbuka chokaa. Ijumaa tatu mfululizo maji yametoka na nusu ya dawa yake, kwa neno langu.

Nilikimbia mpaka bustanini. Akina mama walikuwepo, nikawaambia kila kitu nikiwa bado nahema: msifungue kesho, nilikosea, maji yana sumu. Wengine walicheka, mmoja akaniuliza kama Jumamosi basi ni nzuri. Tukaziba mdomo wa mtaro kwa magunia ya mchanga.

Shangazi hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka kwenye tuta la mwisho, karibu na ukuta. Lengalenga changa, nzuri, imenyweshwa.

"Minye nilifungua Ijumaa iliyopita," akasema. "Nilitaka ya kwangu itangulie, bantu baone."

Nikamuuliza kama ameichuma, kama kuna mtu nyumbani ameila. Akasema bado, alikuwa anangoja Jumapili awapikie wajukuu.

Nikaanza kumweleza kuhusu data, na kwamba modeli ilidanganywa. Akanikatiza.

"Ile mashini siijui. Weye ndiye ulisema."

Akachuchumaa akaanza kung'oa, mche mmoja mmoja, pamoja na mizizi. Nami nikachuchumaa upande wa pili. Tuling'oa tuta zima, tukatia kwenye gunia, akalifunga mwenyewe. Kisha akaenda kunawa bila kuniaga, yeye ambaye huniaga hata nikienda chooni.

Nimeshamwambia patron chokaa irudi yote. Nimeshamwomba Papa Byamungu tujaze chupa pamoja kuanzia juma lijalo. Amekubali, ila anasikitika kwa ajili ya Sista. Modeli nimeifuta. Hayo yote yalikuwa rahisi.

Matuta mengine ya shangazi yanahitaji maji, na maji mazuri yako mtoni. Kesho alfajiri nitakuwa bustanini na madumu mawili. Sijui kama ataniitikia nikimsalimia.