Sori Yako Nimeirudisha

Kwako Seif, uliyekuwa mchumba wangu,

Mdogo wako Bakari alifika kwangu hapa Kilwa Masoko jana, na doti ya kanga mpya kwapani. Ameniambia unakwenda Hija, na kwamba kabla ya safari unataka radhi kwa kila uliyemkosea. Nikamwuliza umempa maneno gani aniletee. Akatazama chini.

"Amesema nikwambie sori, dada."

Nimecheka mpaka kikohozi kikanishika, halafu nikaona kwamba nimekasirika kweli. Kanga nimemrudishia. Barua hii nampa bila bahasha, aisome yeye, na wengine waisome njiani. Sijali.

Unakumbuka neno hilo lilivyoingia kwetu? Uliondoka Kilwa Kisiwani ukiwa muuza pweza. Ruksa ya biashara ilipokuja ukarudi na marobota ya mitumba, suruali ya jinzi, na sori mdomoni. Ulifika mlangoni kwa baba, badala ya kupiga hodi ukasema sori. Muuza kahawa ulimwita kwa sori. Ukipishana na watu sokoni, sori. Mtu akikuomba umpunguzie bei ya shati, sori. Na kama hukusikia alichosema, sori tena, kidevu umekiinua kama unayeuliza. Siku niliyojikata mguu kwa chaza kule ufukweni, ulipiga magoti ukanifunga kwa leso yako, ukirudia sori, sori, nami nikaona duniani hakuna neno tamu kuliko hilo. Nilikuwa nalifanyia mazoezi jikoni, mwiko mkononi. Haya, cheka.

Shangazi yangu hakulipenda. Alipofiwa na mwanawe ulikuja matangani, ukampa mkono na kumwambia, "Sori, shangazi." Akakutazama sana. "Kwani wewe ndiye uliyemuua?" Watu wakainamisha nyuso wasionekane wakicheka msibani. Baadaye nilikutetea, nikamweleza kwamba ni neno la mjini, lina kazi nyingi. Akanijibu nisubiri tu, iko siku utalileta kwangu.

Ukalileta. Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani, nimesingwa kwa liwa mpaka nanukia nyumba nzima. Wanawake wa mtaa walinipaka hina kwa zamu, ile yetu ya bibi harusi, mikono mpaka juu ya kifundo, miguu mpaka nusu ya muundi. Mchele ulikuwa umeshachaguliwa, na masufuria ya kuazima yamepangwa uani. Ijumaa asubuhi akaja binamu yako. Alisimama kizingitini akasema umebaki Dar es Salaam, mwenye duka la jumla amekuoza binti yake, na umesema sori.

Baba alimwacha pale kizingitini. Aliingia ndani, akavua kanzu mpya aliyoishonea harusi yangu, akavaa ya zamani, akaenda msikitini. Ile mpya hakuivaa tena mpaka anakufa.

Na hina haitoki, Seif. Ulilijua hilo, umekulia kwetu. Nilisugua kwa mchanga, kwa ndimu, kwa majivu, mpaka ngozi ikachubuka, na rangi ikabaki palepale. Nikaenda kisimani mikono nimeificha ndani ya kanga, lakini nani anaweza kuteka maji mikono imefichwa? Wanawake waliokuwepo wakaona. Walinipisha nichote kwanza, kama anavyopishwa mgonjwa. Nilitamani wangenicheka. Kwenye kucha ile nyekundu ilikawia zaidi, nikawa naitazama ikisogea kidogo kidogo kila nilipokata, na kila nikikata nakuapiza.

Nimeolewa, utakuwa umesikia. Mume wangu ni mkulima wa Njinjo, mtu asiyejua sori hata moja. Akikosea huja akakaa chini mbele yangu, akasema, "Nimekukosea hivi na hivi, nisamehe," kisha hungoja nimjibu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote, na wewe umo. Radhi haitumwi mtu. Wewe umenitumia mara mbili, kwanza binamu, sasa mdogo wako.

Usidhani nakuandikia kwa kuwa bado nakutaka. Nakuandikia kwa kuwa nataka uumie. Niliomba biashara yako ife, haikufa. Niliposikia umejenga Rasbura kule Lindi, niliomba bati livuje, na kila masika nilikuwa nauliza watu wanaotoka huko kama limevuja. Hakuna dua yangu iliyopokewa. Nikakata tamaa, nikalea wanangu. Na sasa, bila mimi kukuita, umekuja mwenyewe unahitaji kitu nilicho nacho mimi peke yangu. Makka utafika, nauli unayo. Lakini utafika ukijua kwamba kuna mtu Kilwa hajakuachia.

Bakari ameniambia dua ya kukuaga itasomwa Kisiwani, kwa mama yako. Nitakuja. Mume wangu ameniletea majani ya mhina kutoka shamba, hakuniuliza ni ya nini, anajua. Nimeyatwanga mwenyewe. Nitajipaka vilevile, mikono mpaka juu ya kifundo, miguu mpaka nusu ya muundi, na wanawake wa kisimani nimeshawaalika, nauli ya mashua juu yangu.

Ukitaka radhi, utakaa chini mbele yangu na kuitaja ile Ijumaa kwa maneno yake, watu wakisikia. Nitakusamehe au sitakusamehe, hilo nitaliamua nikishakusikia. Sheikh atakapouliza kama yupo mwenye kinyongo na msafiri, usiangalie upande wa wanaume. Angalia mlango wa uani. Nitakuwa nimesimama pale, nimenyoosha mkono juu, kiganja kimewaelekea watu wote.

Tutaonana huko.

Mimi,
bibi harusi wako wa Ijumaa ile